Programu ya afya kazini Tanga: anza na desturi, fulana zisubiri

Jumamosi moja kwa mwaka. Fulana mpya, mbio za taratibu kutoka Raskazone hadi Mkwakwani, turubai, meza ya kupima presha na sukari, hotuba, pilau. Katika sehemu nyingi za kazi jijini Tanga, hiyo ndiyo inayoitwa programu ya afya ya wafanyakazi. Jumatatu watu wanarudi kwenye vumbi lilelile, rosta ileile, na msimamizi yuleyule ambaye ukimwomba ruhusa ya kwenda hospitali anakujibu, "Leo tena?"

Jibu hilo la msimamizi lina nguvu kuliko turubai na fulana zote. Ndilo linalomfundisha mfanyakazi kama kuumwa kunaruhusiwa hapa au la.

Mwongozo huu unamlenga afisa rasilimali watu, mwakilishi wa usalama na afya, au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye sehemu yenye watu kati ya 30 na 200: kiwanda cha mkonge, ghala la bandarini, kiwanda cha maziwa, hoteli, ofisi ya halmashauri. Kazi yote inachukua kama mwaka mmoja. Miezi miwili ya mwanzo hakuna uzinduzi, hakuna bango, programu haina hata jina.

Wakubwa wakiuliza kwa nini msianze na mazoezi na vipimo kama wengine, waelezeni yaliyopatikana Marekani. Mwaka 2019 yalichapishwa majaribio mawili makubwa. La kwanza lilihusu sehemu 160 za kazi za kampuni ya maduka ya BJ's Wholesale Club, zenye wafanyakazi karibu 33,000. Baadhi zilichaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa programu ya afya, nyingine hazikupewa. Baada ya miezi 18, wa upande wa programu walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito wao, lakini vipimo vya mwili, gharama za matibabu na siku za kukosa kazini havikutofautiana na vya upande wa pili. La pili lilifanyika Chuo Kikuu cha Illinois, nalo likaonyesha kwamba wanaojiunga kwa hiari ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa na afya na matumizi madogo ya matibabu. Yaani meza ya vipimo inawavutia wasioihitaji. Anayeihitaji amejificha nyuma ya ghala, ana sababu zake, na sababu hizo zimo ndani ya desturi ya kazi.

Hatua ya 1: Isome desturi (wiki ya 1 hadi ya 4)

Edgar Schein, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha MIT, aligawa utamaduni wa kazini katika tabaka tatu: yanayoonekana, yanayosemwa, na yanayoaminiwa bila kusemwa. Mgawanyo huu unafaa sana kwa kazi ya daftari. Bango la "Usalama Kwanza" getini ni la kuonekana. Sera iliyo kwenye faili ni ya kusemwa. Imani ya kwamba mwanamume wa kazi halalamiki, au kwamba anayekwenda likizo hana kazi ya maana, hiyo hakuna aliyeiandika popote, na ndiyo inayoendesha sehemu nzima.

Wiki ya kwanza na ya pili, angalia tu. Chagua siku tatu zisizofanana, mojawapo iwe ya usiku kama kuna zamu ya usiku, na moja iwe ya mwisho wa mwezi. Andika:

- Mapumziko yamepangwa saa ngapi, na watu wanaacha kazi saa ngapi hasa. Nani haachi kabisa?
- Maji ya kunywa yako hatua ngapi kutoka pale mtu anapofanyia kazi. Hesabu kwa miguu.
- Mtu akikohoa, akishika kiuno au akikaa chini, wenzake wanasema nini? Utani una habari nyingi. Anayeitwa "mzee wa ED" (Excuse Duty, ruhusa ya daktari ya kutofanya kazi) kila akileta karatasi ya daktari ameshakuonyesha tatizo lilipo.
- Barakoa, glovu na vizibo vya masikio viko usoni, mkononi na masikioni, au viko mfukoni vikisubiri mkaguzi?
- Bosi anakula wapi, anaondoka saa ngapi, na anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kazi mpaka saa ngapi usiku?

Wiki ya tatu na ya nne, zungumza na watu katika makundi ya watano au sita, dakika arobaini kila kundi. Wasimamizi wakae peke yao, wanawake peke yao, vibarua peke yao. Kumchanganya kibarua na msimamizi wake ni kupoteza muda wa wote wawili: kijana akishatoa shikamoo hawezi tena kumpinga mzee aliyempa kazi. Msikae chumba cha mikutano. Chini ya mwembe au kwenye banda la baiskeli panatosha.

Usiulize "wewe unaonaje?" Uliza kuhusu mtu wa tatu, stara ibaki: "Mtu akiumwa hapa saa nne asubuhi, huwa anafanyaje?" "Mjamzito anamwambia nani kwanza, na mwezi wa ngapi?" "Aliyekwenda kliniki ya sukari anakatwa siku?" "Nani alishawahi kusema hapa pana hatari, na kilimpata nini?" Swali la mwisho ndilo la thamani kuliko yote. Wakitazamana wakacheka, andika kicheko hicho.

Mwishoni pigeni kura ya siri. Karatasi za maswali hazifai kwa sababu hati ya mtu inajulikana, na wengine hawapendi kuandika. Tumia kopo lenye mfuniko wenye tundu, punje za mahindi kuwa ndiyo na maharage kuwa hapana. Kila mtu apewe punje moja ya kila aina, aingize mkono wote kwenye mfuko wa kitambaa uliofunika kopo, aachie moja, nyingine aitumbukize kwenye ndoo ya takataka iliyofunikwa. Maswali matatu yanatosha: Ukiumwa unaweza kusema bila kuogopa? Mwezi uliopita ulifanya kazi ukiwa mgonjwa? Msimamizi wako anajali afya yako? Matokeo haya ndiyo msingi wako wa kulinganisha mwakani, kwa hiyo hifadhi hesabu.

Kosa la kawaida hapa ni kumpa msimamizi mkuu kazi ya kukusanya maoni kwa sababu "anawafahamu vijana". Anawafahamu, nao wanamfahamu.

Hatua ya 2: Ondoa kinachoipinga afya (mwezi wa 2 na wa 3)

Hatua hii ndiyo nzito na ndiyo inayorukwa. Huwezi kumfundisha mtu kunywa maji huku malipo yake yanamwadhibu kwa kunywa maji.

Chukua mkonge. Ulifika Pangani mwaka 1893 mikononi mwa Richard Hindorf, na tangu enzi za Wajerumani kazi ya mashamba ilihesabiwa kwa kipande, si kwa saa. Mpaka leo mkataji hulipwa kwa mizigo aliyofunga. Kila dakika anayotembea kufuata dumu la maji ni majani ambayo hakuyakata. Glovu nzito zinampunguzia mwendo, kwa hiyo anazivua, na utomvu unamla ngozi. Mwite mzembe ukitaka, lakini anapiga hesabu sahihi kwa malipo aliyowekewa. Rekebisha malipo, tabia itafuata:

Kwanza, maji yamfuate mtu. Kwa kazi nzito juani, kiasi cha kufuata ni kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20, yaani robo tatu ya lita hadi lita moja kwa saa. Kikosi cha watu 12 wanaofanya kazi saa tano kinahitaji angalau lita 45. Madumu mawili ya lita 20 hayatoshi, peleka matatu, na yakae mwisho wa mstari wanakogeukia badala ya kwenye trekta. Majira ya Kaskazi, Desemba hadi Machi, joto na unyevunyevu vikikutana, ongeza la nne.

Pili, muda wa kunywa na kupumzika uingizwe ndani ya kiwango cha kazi. Ikiwa kiwango cha siku kilipangwa kwa mtu asiyepumzika, kipunguze kwa dakika hizo na malipo yabaki palepale. Meneja uzalishaji atapinga. Mwombe wiki mbili za majaribio kwa kikosi kimoja, na mhesabu mizigo pamoja naye.

Tatu, kabla ya barakoa, shughulikia chanzo. Katika chumba cha brashi, ambamo nyuzi za mkonge husafishwa kwa mashine, vumbi la katani linajaa hewani. Barakoa ndani ya joto la Tanga haivaliki saa nane mfululizo, na anayesema inavalika ajaribu saa mbili tu. Anza na feni za kufyonza vumbi penye mashine, fuata na usafi wa sakafu usiorusha vumbi na kuwazungusha watu kati ya brashi na kazi nyingine, kisha ndiyo barakoa. Kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, na mashine nyingine za kelele kuna kipimo cha haraka: kama unalazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja, huenda kelele imepita desibeli 85, na hapo kinga ya masikio ni lazima.

Ofisini mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Kipande cha ofisini kinaitwa "kuonekana". Anayebaki mpaka saa mbili usiku anasifiwa kikaoni, anayeondoka saa kumi na moja kufuata mtoto anaonekana mvivu. Semina ya msongo wa mawazo haiwezi kushindana na sifa hizo.

Baada ya hapo, weka rosta mezani na uisome pamoja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku na siku apumzike saa 12 mfululizo, na kwa wiki saa 24. Ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu. Anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku za kazi. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Usishangae ukikuta wasimamizi hawajui tarakimu hizi. Zichapishe kwa herufi kubwa, ukurasa mmoja, mlangoni mwa ofisi yao na kwenye kantini.

Lipo pia lile bango la "Siku 200 bila ajali" lenye zawadi ya mchele na mafuta kikosi kikifikisha idadi. Ling'oe. Kidole kikikatwa siku ya 199, kikosi kizima kitamsihi mwenzao afunge kitambaa anyamaze, naye atanyamaza. Jeraha linaloza, na madai yake kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yanakuwa magumu kwa sababu hakuna aliyeandika lilitokea lini. Zawadi ikibidi iwepo, itoe kwa kikosi kilichoripoti hatari nyingi zaidi zilizorekebishwa.

Hatua ya 3: Wasimamizi

Mkurugenzi ana sehemu yake: aende likizo yote ya siku 28, apange foleni ya vipimo kama wengine badala ya kupimiwa ofisini, na aache kutuma maagizo usiku. Asitangaze uzito wake wala sukari yake hadharani. Akitangaza, wa chini yake wataona ni lazima nao waseme.

Ila ruhusa ya kwenda kliniki haitoki kwa mkurugenzi. Inatoka kwa nyapara, supavaiza, mkuu wa kitengo. Wafundishe hao, wasiozidi kumi kwa mara moja, saa mbili, kwa kuigiza. Mihadhara haisaidii. Mmoja awe mgonjwa, mwingine msimamizi, na wazoee maneno haya mpaka yatoke bila kufikiri:

"Pole. Asante kwa kuniambia."
"Unaweza kwenda mwenyewe au tukutafutie wa kukusindikiza?"
"Sihitaji kujua ugonjwa. Niambie tu unahitaji muda gani."
"Kazi yako nitampa fulani, ukirudi tutaongea."

Sentensi ya tatu inawasumbua wengi. Kwetu kumuuliza mtu "unaumwa nini?" ni upole na ujirani mwema, na kutouliza kunaweza kuonekana ni ukavu. Waelewesheni kwamba mtaani swali hilo ni la ndugu, lakini kazini linatoka kwa mtu mwenye uwezo wa kukuondoa. Pole inatosha.

Halafu badilisheni kinachompa msimamizi sifa. Kama anapimwa kwa tani peke yake, mafunzo yataisha Ijumaa. Ongezeni vitu viwili kwenye tathmini yake: asilimia ya watu wake waliomaliza likizo, na mapumziko yaliyofanyika kama yalivyopangwa.

Hatua ya 4: Siri ya mtu

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kazini mara nyingi huwa kinyume: mfichua maradhi kibarua huota nyasi. Hasa kwa vibarua, na Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Kibarua hafukuzwi, kesho getini haitwi tu.

Kwa hiyo, kabla ya kupima mtu yeyote, andikeni masharti ya siri na kuyasoma kwa sauti mbele ya kila kikosi. Sheria ziko upande wenu. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti. Masharti yenyewe:

1. Anayepima atoke nje ya kampuni, awe muuguzi au tabibu wa kituo cha afya. Dada wa mapokezi aliyefundishwa kushika mashine asitumike hata kama ana moyo mzuri.
2. Chumba chenye mlango. Turubai lina masikio pande nne. Wanawake wapimwe na mwanamke, hasa kiuno.
3. Huduma zote ziwe nyuma ya mlango mmoja na zichukue muda unaokaribiana. Ukitenga foleni ya VVU, hakuna atakayeipanga.
4. Kadi ya majibu aondoke nayo mwenyewe. Ofisi ipewe jumla tu, na kundi lenye watu chini ya kumi lisitolewe hesabu yake peke yake, kwa sababu "mtu mmoja wa karakana ana sukari" ni sawa na kumtaja jina.
5. Uchunguzi unaotakiwa kisheria chini ya OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi), wa kuanza kazi na wa mara kwa mara, usichanganywe na huu wa hiari. Siku tofauti, fomu tofauti.

Presha ikipimwa ovyo inatisha watu bure. Mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Apimwe mara mbili, dakika moja au mbili katikati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, kwa hiyo muwe na saizi mbili. Ikisoma 140/90 au zaidi, arudie siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali, kuona ukungu au ganzi upande mmoja, hilo ni la kwenda hospitali papo hapo, na gari liwe tayari. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, au ya wakati wowote ikifika 11.1, apewe rufaa akathibitishiwe.

Msipime kama hamjajua aliyepatikana na tatizo atakwenda wapi, kwa bima ipi, na kwa muda wa nani. Kliniki ya presha na sukari ni ya kila mwezi au miezi michache kwa miaka yote iliyobaki. Wekeni nusu siku ya kliniki isiyokatwa, kwa karatasi inayosema tu "amehudhuria". Bila hiyo, mtu atatumia dawa mwezi wa kwanza, akatwe siku, aache.

Hatua ya 5: Chai, chakula, mama lishe

Desturi ya kula ndiyo rahisi kuibadilisha kuliko zote, ikiwa hutaigombeza. Chai ya saa nne yenye chapati au vitumbua ni wakati wa watu kucheka, na anayekuja na bango la "Acha Wanga" ameshapoteza.

Anza na birika. Chai ya kazini huja imeshatiwa sukari yote, hivyo anayetaka kidogo hana pa kuchagua. Mwombe mpishi ailete kavu, sukari ikae kwenye bakuli na vijiko vya chai. Hiyo peke yake itapunguza, bila hotuba. Chumvi nayo iondoke mezani, abaki nayo mpishi. Kiasi cha siku nzima kwa mtu mzima ni gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na maharage ya nazi na samaki wa kukaanga tayari vimeshabeba sehemu kubwa. Mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi na kutoa povu yamwagwe.

Mama lishe wa getini asifukuzwe ili kantini "ya kisasa" ipate wateja. Mpeni mkataba wa maneno ya wazi: sahani kadhaa kila siku kwa miezi mitatu, malipo kila Ijumaa, na masharti manne, yaani mboga za majani kila siku, tunda kila sahani, maji ya kunawa yenye sabuni, na mafuta mapya kila wiki mara mlizokubaliana. Msimu wa machungwa ya Muheza, tunda si gharama ya kujadili. Huyu mama anajua nani hali siku hizi na nani anakopa tangu tarehe kumi, kwa hiyo ni mtu wa kuwa naye karibu. Asigeuzwe mpelelezi tu.

Ramadhani ina mpango wake. Wiki sita hadi nane kabla, wenye sukari na wanaotumia dawa wakumbushwe kumwona daktari, dozi zipangiwe futari na daku. Kazi nzito isogezwe asubuhi na mapema, mapumziko ya mchana yabaki hata kama hakuna anayekula, na zamu ya jioni ipewe nafasi ya kufuturu kwa kukaa. Wasiofunga waendelee kupata chakula mahali pa stara bila kuonewa haya.

Hatua ya 6: Panda juu ya vilivyopo

Kabla ya kuunda "klabu ya ustawi", tazama kilichokwisha kuundwa na watu wenyewe. Karibu kila sehemu ya kazi ina kikundi cha kufa na kuzikana, na mara nyingi kikoba. Hiyo ndiyo programu ya ustawi yenye mahudhurio kamili, inaaminika, ina mweka hazina anayejulikana. Ombeni dakika kumi katika kikao chao cha mwezi, mada moja tu kila mara. Kamati ya usalama na afya inayotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ibebe usimamizi, msianzishe nyingine pembeni.

Afya ya akili inaingilia hapa vizuri kuliko kwenye semina. Ukisema "huduma ya afya ya akili", mtu anasikia wazimu. Sema "mawazo", "kukosa usingizi", "moyo kwenda mbio". Halafu uliza habari ya fedha. Kwa wafanyakazi wengi wa kipato cha chini, kinachowakosesha usingizi kina jina: kausha damu, mikopo ya riba ya kila wiki. Mnasihi hawezi kulipa riba. Kampuni inaweza kuweka utaratibu wa mkopo wa dharura wa mshahara usio na riba, wenye kikomo na wa siri, na kulipa mshahara tarehe ileile kila mwezi. Mshahara unaochelewa siku nane unavuruga afya za watu kuliko chipsi.

Na baiskeli. Watu wa Tanga wanaendesha tayari, hawahitaji kuhamasishwa. Wanahitaji banda lenye kivuli na kufuli, bomba la kuogea, na msimamizi asiyemcheka afisa anayekuja kwa baiskeli. Hilo la mwisho ni la bure.

Hatua ya 7: Pima mnachobadilisha

Usihesabu fulana zilizogawiwa. Hesabu, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12: mapumziko yaliyofanyika kati ya yaliyopangwa, likizo zilizomalizika, hatari zilizoripotiwa na ngapi zimerekebishwa, waliorudi kliniki mara ya pili na ya tatu, kwa jumla bila majina, na kura ya punje kwa maswali yaleyale matatu.

Mwambie bosi mapema, tena kwa maandishi: miezi sita ya kwanza, ED zitaongezeka na ripoti za hatari zitaongezeka. Waliokuwa wanafanya kazi wakiumwa wameanza kusema. Kampuni nyingi huogopa namba hizo zikabana ruhusa, na kwa hatua hiyo moja zinarudi mwanzo zikiwa na uaminifu mdogo kuliko walipoanza, kwa sababu sasa watu wana ushahidi.

Kibarua aliyeanza jana ahesabiwe pia. Awe na maji yaleyale, kinga zilezile, na aambiwe siku ya kwanza, kabla ya kushika chombo, nani wa kumwambia akiumwa.

Bonanza likitakiwa bado, lifanyike baada ya hapo. Wapeni watu wiki sita za kutembea na kukimbia taratibu, dakika 30 mara tatu au nne kwa wiki, kabla ya siku yenyewe. Mpira wa maofisa dhidi ya karakana, bila kupasha misuli, kwa watu wa miaka 45 ambao hawajakimbia tangu shuleni, hutoa kano zilizokatika na ED za wiki kadhaa. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua halijakaza, maji kila kituo, muuguzi awepo mpaka mtu wa mwisho aondoke, na saizi za fulana ziulizwe wiki mbili kabla, kwa sababu kila mwaka zile kubwa ndizo zinazokwisha kwanza.